Kuwahukumu waasisi wa Marekani kwa maadili ya leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila sanamu ya Washington au Jefferson inapopakwa rangi au kung'olewa, maswali haya huibuka upya, mara nyingi kwa hasira. Majibu yafuatayo yana upande, na ni vizuri msomaji ajue mapema: naamini waasisi wanahukumika, na mizani ya kuwapimia haikutengenezwa leo. Waliikuta, na baadhi yao walijipima nayo wenyewe.

Waasisi ni akina nani hasa?

Wengi humaanisha waliotia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776 na walioandika Katiba mjini Philadelphia mwaka 1787. Majina yanayojirudia ni George Washington, Thomas Jefferson, John Adams, Benjamin Franklin, James Madison, Alexander Hamilton na John Jay. Hawakuwa na kauli moja. Adams hakumiliki mtumwa maisha yake yote. Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600. Kati ya wajumbe 55 wa mkutano wa Katiba, karibu nusu walikuwa na watumwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "waasisi waliamini hivi", muulize kwanza anamsema nani.

Wanashtakiwa kwa lipi?

Shtaka kuu ni utumwa. Sensa ya kwanza, ya 1790, ilihesabu watu wapatao milioni 3.9, na karibu 700,000 kati yao walikuwa watumwa. Katiba nayo iliulinda utumwa huo. Bunge lilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Mtumwa aliyetorokea jimbo jingine alipaswa kurudishwa kwa bwana wake. Na katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu.

Kifungu hiki cha mwisho hueleweka vibaya kila siku. Wengi hudhani kusini ndiyo iliyotaka hesabu ipunguzwe ili kumdhalilisha mtu mweusi. Ilikuwa kinyume chake: majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe wote, kichwa kwa kichwa, kwa sababu kila kichwa kiliwaongezea mabwana viti bungeni na uzito katika kumchagua rais. Wajumbe wa kaskazini waliopinga ndio waliotaka wasihesabiwe. Mtumwa hakuwa na kura, lakini kuwepo kwake shambani kulimnenepesha bwana wake kisiasa. Fedheha iko hapo, wala si kwenye ile hesabu ya tatu kwa tano peke yake.

Si kweli kwamba wakati ule kila mtu aliona utumwa ni jambo la kawaida?

Hapana. Hili ndilo jibu linalorudiwa kuliko yote, na ndilo dhaifu kuliko yote.

Mwaka 1688, miaka 88 kabla ya Azimio la Uhuru, kikundi kidogo cha waumini wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, kiliandika malalamiko dhidi ya utumwa huko Germantown, Pennsylvania. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tusiwatendee wengine tusiyopenda kutendewa. Kufikia 1776 Marafiki wa Philadelphia walikuwa wamewakataza waumini wao kumiliki watumwa. Abigail Adams alimwandikia mumewe, John, mwaka 1774 kwamba ni uovu kupigania kile ambacho sisi wenyewe tunawapora kila siku watu wenye haki nacho sawa na sisi. Mwaka 1775, upande wa pili wa bahari, Mwingereza Samuel Johnson aliuliza kwa kejeli inakuwaje kelele kubwa za uhuru zinatoka kwa wasimamizi wa watumwa. Vermont ilipiga marufuku utumwa wa watu wazima katika katiba yake ya 1777, na Pennsylvania ikatunga sheria ya kuukomesha hatua kwa hatua mwaka 1780.

Kuna kundi jingine ambalo "kila mtu" husahau kulihesabu: watumwa wenyewe. Nao walikuwa watu wa zama zile. Januari 1777 kundi la watu weusi wa Massachusetts, akiwemo Prince Hall, lilipeleka ombi kwa bunge la jimbo likisema kila hoja ambayo Marekani imeitumia dhidi ya Uingereza inawatetea wao kwa nguvu zaidi. Hakuna mjumbe wao aliyekaa ndani ya ukumbi wa Philadelphia mwaka 1787, na asiyekuwepo na lake halipo. Lakini kutokuwepo ukumbini si sawa na kutokuwa na maoni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Elizabeth Freeman, mtumwa wa familia ya Ashley huko Massachusetts. Katiba ya jimbo hilo ya 1780, ambayo mwandishi wake mkuu alikuwa John Adams, ilitamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Freeman alikwenda kwa mwanasheria, Theodore Sedgwick, akataka maneno hayo yatumike kwake. Mwaka 1781 mahakama ikampa ushindi. Bwana wake wa zamani alimtaka arudi afanye kazi kwa mshahara. Akakataa, akaenda kufanya kazi kwa Sedgwick. Maadili aliyoyadai yalikuwa ya jimbo lake na ya mwaka wake uleule.

Labda wao wenyewe hawakuona kosa?

Waliliona. Patrick Henry, yule anayekumbukwa kwa kaulimbiu ya uhuru au kifo, aliandika barua mwaka 1773 kwa Robert Pleasants, mmoja wa Marafiki waliopinga utumwa. Anastaajabu kwamba yeye mwenyewe ni bwana wa watumwa aliowanunua. Sababu anayoitoa ni kwamba kuishi Virginia bila wao ni usumbufu. Kisha anaongeza kuwa hawezi, wala hatajaribu, kulihalalisha jambo hilo. Ni barua ya ajabu: mtu anajishtaki, anajitia hatiani, kisha anaendelea na shughuli zake.

George Mason wa Virginia alisimama katika mkutano wa Katiba mnamo Agosti 1787 na kusema kila mwenye watumwa huzaliwa dikteta mdogo. Alikuwa na watumwa wengi na hakuwaacha huru. Jefferson aliandika katika miaka ya 1780 kwamba anaitetemekea nchi yake akikumbuka kuwa Mungu ni mwenye haki.

Kwa hiyo anayewatetea kwa kusema hawakujua hawatendei haki. Anawafanya wajinga kuliko walivyokuwa.

Wangefanya nini? Sheria na uchumi viliwafunga.

Viliwabana, ndiyo. Kuwafunga ni neno kubwa mno. Tangu 1782 sheria ya Virginia ilimruhusu mmiliki kuwaacha huru watumwa wake bila kuomba kibali cha serikali. Mwaka 1791 Robert Carter III, tajiri wa Virginia mwenye mashamba na jina kubwa kama wao, aliandikisha hati ya kuwaacha huru watu wapatao 500, kidogo kidogo kwa miaka. Majirani hawakufurahi. Alifanya hivyo hivyo. Kwamba leo jina lake halijulikani ilhali majirani zake wamechongwa kwenye milima ni jambo la kutafakari.

Deni la Jefferson hutajwa sana, na lilikuwa kubwa kweli. Lakini tazama alivyolitumia kama kisingizio. Rafiki yake Tadeusz Kościuszko, jenerali wa Kipolandi aliyepigana vita vya uhuru wa Marekani, aliacha wosia kwamba fedha zake zitumike kuwanunulia watumwa uhuru na kuwasomesha, na akamteua Jefferson msimamizi. Kościuszko alipofariki mwaka 1817, Jefferson alijitoa. Fedha zilikuwepo, na ruhusa ilikuwepo.

Kilichofuata kiliandikwa na mnada. Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826. Wosia wake uliwaacha huru watu watano, mmoja wao Joseph Fossett, mhunzi wa Monticello, shamba la Jefferson. Januari 1827 watu 130 walitangazwa kuuzwa shambani hapo ili kulipa madeni. Miongoni mwao walikuwa mke wa Fossett, Edith, mpishi aliyefundishwa mapishi ya Kifaransa katika ikulu ya Jefferson, pamoja na watoto wao. Waligawanywa kwa wanunuzi tofauti. Mtoto wao Peter alikuwa na miaka 11. Baba yake, ambaye uhuru wake ulikuwa umeshaandikwa kwenye karatasi, ilimbidi ahangaike kwa miaka kumnunua mkewe na watoto, mmoja mmoja, kadiri alivyopata. Peter alikuja kuwa mchungaji wa kanisa huko Cincinnati.

Na habari za Sally Hemings ni za kweli?

Ndiyo, kwa kadiri historia inavyoweza kuthibitisha. Alikuwa mtumwa wa Jefferson na, kwa ushahidi uliopo, alimzalia watoto. Vipimo vya vinasaba vya 1998 vilionyesha uhusiano kati ya kizazi cha Eston Hemings na ukoo wa Jefferson, na taasisi inayoendesha Monticello ilikubali hitimisho hilo mwaka 2000. Kuuita uhusiano huo "mapenzi" ni kulisahau jambo moja: kisheria, Hemings hakuwa na uwezo wa kukataa.

Washington aliwaacha huru watumwa wake. Kwa nini naye analaumiwa?

Aliwaacha huru kwa wosia, na hilo ni zaidi ya walilofanya wengi wa rika lake. Mwaka 1799 watumwa zaidi ya 300 waliishi Mount Vernon, shamba lake. 123 walikuwa wake na wosia uliwahusu hao, kwa sharti kwamba uhuru uje baada ya kifo cha mkewe, Martha. William Lee, mtumishi aliyekuwa naye vitani, alipewa uhuru papo hapo na posho ya dola 30 kwa mwaka. Wazee walitengewa matunzo, na watoto wasio na wazazi walitakiwa kufundishwa kusoma. Martha hakusubiri kufa. Aliwaachia tarehe 1 Januari 1801. Waliobaki wengi walikuwa mali ya mirathi ya mume wake wa kwanza, na Washington hakuwa na mamlaka juu yao.

Sasa upande wa pili. Akiwa rais mjini Philadelphia, alijua kwamba sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa wa mgeni aliyekaa humo miezi sita. Aliagiza watumwa wake watolewe nje ya jimbo kwa zamu kabla ya muda kutimia, tena ifanyike kwa namna ambayo wao na umma wasishtukie. Mwaka 1793 alitia saini sheria ya kuwarudisha watoro.

Mei 1796 Ona Judge, binti wa miaka ya ishirini na kidogo aliyemhudumia Martha, alisikia atatolewa zawadi kwa mjukuu wa Martha. Familia ilipokuwa mezani inakula, akatoka nje ya nyumba ya rais na kupanda meli hadi Portsmouth, New Hampshire. Tangazo la gazetini lilimtaja kama msichana mwenye madoadoa usoni, macho meusi sana na nywele nyingi. Kwa kupitia mtu wa kati, Judge alisema yuko tayari kurudi iwapo ataahidiwa uhuru baadaye. Washington alikataa kwa barua: kumwahidi hivyo kungekuwa kumzawadia asiye mwaminifu. Judge aliishi huru hadi 1848, bila kushikwa, ingawa machoni pa sheria alibaki mtoro.

Mimi namweka Washington juu ya Jefferson katika suala hili. Lakini mtu huyo wa wosia ndiye huyo wa barua ya 1796, na hawatenganishiki.

Kuna mwasisi aliyebadilika kweli?

Franklin. Alimiliki watumwa na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Uzeeni akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, na Februari 1790 akatia saini ombi kwa Bunge la kutaka utumwa ukomeshwe. Mbunge mmoja wa Georgia alipoutetea utumwa, Franklin alimjibu kwa kuandika hotuba ya kubuni ya kiongozi wa Algiers anayetetea, kwa hoja zilezile, haki ya kuwafanya Wakristo watumwa. Mkuki kwa nguruwe, kama tusemavyo. Alifariki wiki chache baadaye.

Bado naona ni uonevu. Sisi nasi tutahukumiwa na wajao.

Na tuhukumiwe. Ila hoja hii ina punje ya ukweli inayostahili kutenganishwa na makapi.

Uonevu wa kweli upo, na mfano wake uko kwenye kitanda cha Washington mwenyewe. Desemba 1799 alipougua koo, madaktari walimtoa damu mara kadhaa kwa siku moja, na yamkini walimharakishia kifo. Kwa ujuzi wa leo ni kosa la kutisha. Hakuna anayewaita wauaji, kwa kuwa elimu ya kuonyesha kosa hilo haikuwepo chumbani. Waliitenda kazi yao kwa nia njema na kwa kitabu walichokuwa nacho.

Utumwa si wa namna hiyo. Hakuna uvumbuzi uliohitajika. Hakuna darubini iliyokuja baadaye ikatuonyesha kwamba mtoto akiuzwa mbali na mama yake huumia; mama alikuwa analia hapo hapo. Kwa hiyo kigezo changu ni hiki: je, mtu huyu alikuwa na njia ya kujua, na je, waliokuwa karibu naye walimwambia? Kwa Jefferson jibu ni ndiyo mara mbili. Kwa mkulima wa kijijini asiyejua kusoma, aliyekua bila kusikia neno jingine, lawama hupungua, ingawa tendo lenyewe linabaki baya vilevile.

Hoja ya "watu wa zama zao" imetokea wapi?

Si mpya, na historia yake haipendezi. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru mahakamani, Jaji Mkuu Roger Taney aliitumia dhidi ya watu weusi. Alisema waasisi walikuwa waungwana wasioweza kutamka jambo na kutenda kinyume chake; basi kwa kuwa walimiliki watumwa, usawa walioutaja haukumhusu mtu mweusi. Jaji Benjamin Curtis alimpinga kwa kuonyesha kwamba wakati wa kuundwa kwa taifa, weusi huru walipiga kura katika majimbo matano. Yaani hata zama zenyewe Taney alizipaka rangi isiyo yake.

Alexander Stephens, makamu wa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga na Marekani, alikuwa muwazi zaidi mwaka 1861. Alikiri kwamba Jefferson na wenzake waliona utumwa kuwa uovu, kisha akasema walikosea, na kwamba serikali yake mpya imejengwa juu ya imani ya kinyume. Ajabu ni hii: mtetezi wa utumwa aliwaelewa waasisi vizuri kuliko wengi wanaowatetea leo.

Mazuri yao hayafuti mabaya?

Sipendi hesabu ya kujumlisha na kutoa. Azimio la Uhuru halikulipa deni la mnada wa 1827, na mnada haukulifanya Azimio kuwa la uongo. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, alisimama Rochester tarehe 5 Julai 1852 na kuwaita waasisi watu jasiri, kisha katika hotuba hiyo hiyo akasema sherehe ya uhuru ni yenu, si yangu. Hakuona haja ya kuchagua moja.

Wenyeji wa asili je?

Wanasahaulika kwa urahisi wa kutisha. Azimio lenyewe linawaita washenzi wasio na huruma. Mwaka 1779 Washington alimtuma Jenerali John Sullivan kuangamiza vijiji vya Wairoquois waliokuwa upande wa Uingereza. Nyumba, mashamba ya mahindi na miti ya matunda viliteketezwa. Mwaka 1790 chifu Cornplanter wa Waseneca alimweleza Washington ana kwa ana kwamba wao humwita Mharibu wa Miji, na kwamba jina hilo likitajwa wanawake hugeuka nyuma kwa hofu na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao. Hukumu hiyo ilitolewa mbele yake, akiwa hai, akiwa rais.

Na wanawake?

Abigail Adams alimwomba mumewe mwaka 1776 awakumbuke wanawake katika sheria mpya. John alimjibu kwa mzaha. New Jersey iliwaruhusu wanawake wenye mali kupiga kura hadi 1807, kisha ikawanyang'anya haki hiyo.

Je, Waingereza walikuwa afadhali?

Kwa watumwa fulani, kwa muda fulani. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaomkimbilia na kushika silaha. Ilikuwa mbinu ya vita, maana meli za Uingereza ziliendelea na biashara ya watumwa hadi 1807. Hata hivyo Harry Washington, mtumwa wa Mount Vernon, alitoroka kwenda upande huo, akaishia Nova Scotia na kisha Sierra Leone, ambako mwaka 1800 alishiriki uasi wa walowezi weusi dhidi ya utawala wa koloni. Alipigania uhuru mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa dhidi ya jenerali aliyekuwa bwana wake.

Sanamu ziondolewe?

Hapa siko thabiti kama nilivyo kwingine. Natofautisha aliyeheshimiwa kwa sababu ya utumwa, kama majenerali wa Kusini, na aliyeheshimiwa licha ya utumwa. Wa kwanza sioni hoja ya kumwacha uwanjani. Wa pili inategemea mahali na wanaopita hapo kila siku. New York iliiondoa sanamu ya Jefferson kwenye ukumbi wa baraza la jiji mwaka 2021, na nadhani madiwani wenye haki ya kukaa chini yake ndio waliostahili kuamua. Mwaka huo huo bodi ya shule ya San Francisco ilipiga kura kubadili majina ya shule 44, la Lincoln likiwemo, kwa uchunguzi wa haraka haraka uliojaa makosa, na miezi michache baadaye ikabatilisha. Kinachonivutia zaidi ni kilichofanyika Monticello na Mount Vernon, ambako mgeni sasa huonyeshwa makazi ya watumwa na kutajiwa majina yao, si nyumba kubwa peke yake.

Nikitaka kuamua mwenyewe, nisome nini kwanza?

Anza na barua mbili zilizomfikia Jefferson na majibu yake. Agosti 1791 Benjamin Banneker, mtaalamu wa elimu ya nyota na mtunzi wa kalenda, mtu mweusi huru wa Maryland, alimnukulia maneno yake mwenyewe kuhusu usawa na kumuuliza kwa nini anawashikilia ndugu zake. Jefferson alijibu kwa heshima ndani ya siku chache. Kisha mwaka 1809, akimwandikia Joel Barlow, akamdharau Banneker na kutilia shaka uwezo wake. Ya pili ni ya Edward Coles, kijana jirani, aliyemwomba mwaka 1814 aongoze harakati za kukomesha utumwa Virginia. Jefferson alisema kazi hiyo ni ya vijana, na akamshauri asiwaache watumwa wake. Coles hakusikiliza: mwaka 1819 aliwaacha huru njiani kwenda Illinois, akawapa ardhi, na mwaka 1822 akachaguliwa gavana wa jimbo hilo, akazuia jaribio la kuuhalalisha utumwa humo.